Vuli Haipukutishi Majani

Kuna swali ambalo halikosi kumfikia mwalimu wa Kiswahili siku moja, aghalabu siku ya kufundisha tafsiri au ya kurudisha insha zilizosahihishwa. Mwanafunzi huinua mkono akataka kujua: majira yale ambayo katika nchi za baridi majani ya miti hugeuka mekundu na manjano, kisha yakaanguka, huitwaje kwa Kiswahili? Mwalimu hujibu pasi na kusita, "Vuli." Mwenzake wa darasa la pili hujibu, "Demani." Na wa tatu, ambaye amewahi kuona jedwali la misimu minne katika kitabu fulani cha marudio, huandika ubaoni masika, kiangazi, vuli na kipupwe, na mkabala wa kila neno huweka msimu mmoja wa Ulaya unaodhaniwa kuwa ndio maana yake. Wanafunzi hunakili, kengele ikalia, jambo likadhaniwa limekwisha.

Kwa maoni yangu jambo halijaisha. Jedwali hilo ni kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Tumeivisha lugha yetu kwa nguvu, na sasa tunawaadhibu watoto kwa kuwa wamesema inabana.

Tuyatazame maneno yenyewe. Misimu ya Mswahili haikuhesabiwa kwa majani ya miti bali kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma tangu karibu na Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyovileta vyombo vya matanga kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu baadaye, na ndiyo iliyovirudisha makwao. Kwa pepo hizo mbili tumepata hata majina ya pande za dunia, kaskazini na kusini. Neno msimu lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na Wareno nao wakalichukua hilo hilo, wakalifikisha Ulaya likiwa jina la pepo za Bahari ya Hindi. Masika ni mvua kubwa ya kati ya Machi na Mei. Kipupwe ni ubaridi wa Juni hadi Agosti. Demani ni wakati wa kusi kulegea na bahari kutulia. Vuli ni mvua ndogo, ile ya Oktoba hadi Desemba. Msomaji atatambua kwamba katika orodha yote hiyo hakuna mahali jani limetajwa.

Yule anayeona kwamba huu ni ubishi wa maneno matupu, na akumbuke yaliyotokea. Vuli ya mwaka 1997 ilikuja na El Niño, ikabomoa madaraja na kuzamisha mashamba. Vuli za miaka ya 2020, 2021 na 2022 zote zilishindwa, na kati yake masika nayo yakashindwa, hata wafugaji wa kaskazini mwa nchi wakabaki na mizoga. Mwaka 2023 vuli ikarudi na mafuriko katika sehemu zile zile zilizokuwa zimekauka. Kwa hiyo mtabiri wa hali ya hewa anaposema redioni kwamba vuli mwaka huu itachelewa au itazidi kiasi, maneno yake ni ya kuokoa mbegu, mifugo na watu. Msikilizaji aliyefundishwa kwamba vuli ni majani makavu kuanguka atayasikia maneno hayo kwa sikio gani?

Binti wa jamaa yangu mmoja, mzaliwa wa Kwale, alikatwa alama katika zoezi la darasani kwa kuandika kwamba vuli ni wakati wa kupanda. Jibu lililotakiwa lilikuwa "wakati wa miti kupoteza majani". Mtoto huyo alikuwa amemsaidia nyanya yake kupanda kunde vuli iliyotangulia. Aliyajua aliyoyaandika kwa mikono yake, na mwalimu aliyajua ya kwake kwa jedwali, jedwali likashinda.

Mimi nimepata bahati ya kuyaona hayo majira yenyewe yanayogombaniwa jina, na kuyaona kwa miguu. Mwaka 2016 nilikuwa mjini Ithaca, katika jimbo la New York, mahali ambapo Chuo Kikuu cha Cornell kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Miongoni mwa watu waliotaka mazoezi ya mazungumzo alikuwamo mama mmoja aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, mwenye bidii ya kuwaaibisha vijana. Kila tulipokutana alinipa shikamoo, kwa hoja kwamba mimi ndimi mwalimu, ingawa umri ulinitaka mimi ndiye niitoe. Nilijaribu kumweleza, akakataa katakata. Basi tukawa tunapeana shikamoo kwa zamu, wiki yake na wiki yangu.

Mama huyo alikuwa na mbwa mkubwa wa manyoya ya hudhurungi, na jina lake aliitwa Simba. Si yeye aliyelichagua kwa ajili ya masomo. Tangu ile filamu ya katuni ya mwaka 1994 neno hilo limeenea Marekani kote, na nadhani hakuna neno la Kiswahili linaloitwa kwa sauti kubwa zaidi katika bustani za nchi hiyo. Jumamosi moja ya Oktoba aliniomba tufuatane, yeye, mbwa wake na mimi, tukayaone maporomoko ya Taughannock, ambayo hayafiki mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mjini. Alisema somo la siku hiyo tutalifanyia njiani.

Maji hayo hushuka kutoka urefu wa futi 215, yaani karibu mita 66, na wenyeji hawachoki kumwambia mgeni kwamba yanayapita ya Niagara kwa takriban futi 33. Mimi nami sikuchoka kuwaambia kwamba maporomoko ya Thomson kule Nyahururu ni mita 74. Njia ya kuyafikia hupita chini kabisa ya bonde, kando ya kijito, mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita moja. Ni njia tambarare. Wenyewe huvaa viatu vizito, hushika fimbo na kubeba chupa za maji mgongoni, wakaiita safari hiyo kwa neno lao maalumu. Sisi hatuna neno hilo, na sidhani tumepungukiwa. Mtoto wa Elgeyo anayeshuka na kupanda ukingo wa bonde kila siku kwenda shuleni angeiita matembezi.

Sheria za mbuga za jimbo hilo zinataka mbwa afungwe ukanda usiozidi futi sita. Simba alikuwa na ukanda wake, na juu yake alivishwa kisibau cha rangi ya chungwa kali. Nilidhani ni urembo. Kumbe majira hayo ndiyo pia majira ya kuwinda paa katika misitu ya jirani, na mwenye mbwa wa rangi ya hudhurungi hataki apigwe risasi kwa kudhaniwa paa.

Na majani? Kusema kweli yalikuwa ni ya kustaajabisha. Kuta za bonde hilo huinuka hadi karibu futi 400, zimejengeka kwa matabaka ya mawe yaliyochongwa na maji katika miaka elfu kumi na kitu tangu barafu kuu iliporudi nyuma, na kila penye nafasi ya mzizi mti umesimama. Mialoni ilikuwa na rangi ya shaba. Miti iitwayo mepo, ambayo jani lake limo katika bendera ya Kanada, ilikuwa myekundu kama kanga mpya. Katikati yao misonobari ilibaki kijani, haijali. Palikuwa hapana upepo wa kutajika, na hata hivyo majani yalishuka mfululizo, moja hapa, matatu kule, bila haraka, yakielea kidogo kabla ya kutua. Yalitua juu ya maji, juu ya njia, juu ya mgongo wa mbwa.

Wanafunzi wa sayansi wanajua kinachotendeka. Mji wa Ithaca uko karibu nyuzi 42 kaskazini ya ikweta. Mwezi Juni mchana wake huwa wa saa 15, na mwezi Desemba wa saa tisa tu. Mti huusoma ufupi huo wa mchana pamoja na ubaridi wa usiku, ukaanza kujiweka tayari. Rangi ya kijani, yaani klorofili, huacha kutengenezwa na iliyopo ikavunjwa. Hapo manjano iliyokuwamo ndani ya jani muda wote ikafichwa na kijani hujitokeza. Wekundu, kwa upande wake, katika miti mingi hutengenezwa upya wakati huo huo kwa sukari iliyobaki katika jani. Mwishowe, pale kikonyo kinapoungana na tawi, mti hujenga tabaka la seli la kujitenga na jani lake, kidonda kikaziba kabla ya jani kutoka. Kwa hiyo jani haling'olewi na upepo. Mti wenyewe umeliachilia.

Sasa tulinganishe na kwetu. Nairobi iko nyuzi moja na ushei kusini ya ikweta, na mchana wake hauachani na saa 12 mwaka mzima. Mti wa Nairobi hauna ufupi wa mchana wa kuusoma. Miti yetu inayopoteza majani huyapoteza kwa kiu. Mbuyu wa Kilifi husimama uchi wakati wa ukavu, na mvua zikaribiapo ndipo huvaa tena. Nyika ya Tsavo, ambayo Septemba ni kijivu na miiba, hugeuka kijani katika siku chache vuli inyeshapo Novemba. Nairobi kinachopukutika Oktoba ni maua ya mijakaranda, yale ya zambarau yanayotanda barabarani na kuwatelezesha watu. Nayo mijakaranda ni migeni kutoka Amerika ya Kusini. Kwa ufupi, vuli ndiyo inayoleta majani. Tumechukua neno la kuvaa tukalipa maana ya kuvua.

Nilimweleza mama yule haya yote tukitembea, akawa anasimama kila mara kuandika katika kijidaftari, na mbwa akawa anachukua fursa hiyo kunusa kila jiwe. Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kufundisha Kiswahili kwa Wakenya sikuwahi kuulizwa. Mbona tunasema rafiki yangu, dada yangu, baba yangu, lakini tunasema mbwa wangu? Alisema amekaa na Simba miaka tisa, tangu mumewe alipofariki, na haoni kwa nini sarufi imtenge. Je, haiwezekani akasema "mbwa yangu"?

Ni swali la haki, na napenda walimu walichukue kwenda nalo darasani. Nomino zote hizo ni za viumbe wenye uhai, na katika upatanisho wa kawaida hufuata ngeli ya watu: rafiki amekuja, mbwa amekuja. Zinapokutana na vimilikishi ndipo hugawanyika. Mama, ndugu, jirani na rafiki hushika "yangu", na katika wingi "zangu". Mbwa, ng'ombe na punda hushika "wangu", ingawa katika wingi wazungumzaji wengi wa pwani hurudi kwenye "zangu" wakasema ng'ombe zangu. Mtu angedhani tofauti ni ya mapenzi, kwamba walio karibu na moyo hupewa "yangu". Lakini tazama: hata adui ni adui yangu. Tofauti imo katika uhusiano. Hakuna mtu anayeweza kuwa adui tu, au dada tu, au jirani tu. Ni lazima awe wa fulani, la sivyo neno halina maana. Mbwa ni mbwa hata asipokuwa na mwenyewe. Akikosa mwenyewe tunamwita koko, na angali mbwa.

Mama alifikiri kidogo, akasema, "Basi Simba ni rafiki yangu." Sikuwa na la kusahihisha.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo, maana najua kuna msomaji aliyekwisha kukunja uso. Mbwa katika jamii zetu hana cheo hicho. Kwa Waislamu wa pwani, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ingawa sheria hiyo hiyo inamruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda. Ndipo wahenga wakaonya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Bara nako mbwa ni askari wa usiku, hulala nje na hula makombo. Ushahidi uko kwenye malango ya mitaa ya kifahari, palipoandikwa "Mbwa Kali", maandishi ambayo kila mwalimu wa sarufi huyapita kwa uchungu, kwa maana mbwa anastahili kuwa mkali kama mtu yeyote. Hata hivyo ipo methali nyingine inayomtazama kwa jicho jema zaidi: mbwa hafi maji akiona ufuko. Aliyeitunga alikuwa amekaa kitako akamwangalia mbwa akiogelea, na akamheshimu.

Methali hiyo ilinijia tulipofika mwisho wa njia, kwa kuwa Simba aliyaona maji akataka kuyaingia na mwenyewe akamzuia. Pale bonde linapanuka likawa kama uwanja wa duara, na mbele yako ukuta wa mawe, na katikati ya ukuta maji yanashuka wima bila kugusa mwamba. Lakini yalikuwa maji haba! Sehemu hizo zilikuwa zimepatwa na ukame mkali wakati wa joto la mwaka huo, na kilichokuwa kikishuka kilikuwa uzi mweupe tu, unapeperuka kabla ya kufika chini. Mama aliona haya kwa niaba ya nchi yake. Alisema nirudi mwezi Aprili theluji ikiyeyuka, hapo nitasikia mngurumo kutoka barabarani.

Ni hapo nilipomwonyesha jambo ambalo yeye mwenyewe, mzaliwa wa lugha, hakuwa amelitambua. Waingereza jina lao la majira haya walilitoa katika Kilatini kupitia Kifaransa. Wamarekani kwa kawaida hutumia jina jingine, la Kiingereza cha zamani, ambalo maana yake ni kuanguka tu. Mwanzoni lilikuwa kuanguka kwa jani, kisha jani likaachwa. Na maporomoko ya maji Kiingereza huyaita kwa neno lilo hilo, pamoja na alama ya wingi. Yaani siku ile tulikuwa tumekwenda kutazama neno moja mara mbili. Kiswahili hakiruhusu hilo. Jani hupukutika, maji huporomoka, embe hudondoka, ukuta hubomoka, mtu huanguka. Kila kianguke kina kitenzi chake, na kitenzi kimebeba namna ya kuanguka: kupukutika ni kwa vidogo vingi vikiachana na shina kimoja kimoja, kuporomoka ni kwa kitu kizito kinachokwenda chini kwa wingi na kwa kishindo, ndiyo maana huporomoka pia udongo wa Murang'a wakati wa mvua, na bei ya kahawa.

Kutokana na vitenzi hivyo lugha yetu inayo kanuni ya kuunda nomino bila ya kumwomba mtu ruhusa. Poromoka hutupa maporomoko. Pukutika hutupa mapukutiko. Neno hilo si langu. Tayari hutumika katika baadhi ya matangazo na maandishi, "majira ya mapukutiko", na wengine husema kwa urefu "majira ya kupukutika majani". Yote mawili yanamwambia mtoto wa Kwale kitu cha kweli kuhusu Ithaca, wala hayamnyang'anyi kitu cha kweli kuhusu Kwale.

Najua pingamizi litakalotolewa, na limewahi kutolewa na wenzangu ninaowastahi. Watasema maneno hupanuka maana. Ndege alikuwa wa mbinguni mwenye mbawa, leo ndege hutua Embakasi, na hakuna aliyepotea. Ni kweli. Lakini ndege wa mtini na ndege ya abiria hawakutani katika sentensi moja wakachanganyikiwa, tena upatanisho wenyewe umewatenganisha. Vuli na mapukutiko huangukia miezi ile ile, Oktoba na Novemba, na hapo ndipo hatari ilipo: msikilizaji hana dalili yoyote ya kumjulisha ni ipi iliyokusudiwa. Na hata miezi hiyo haiaminiki. Afrika Kusini majani hupukutika kati ya Machi na Mei, wakati sisi tuko katikati ya masika. Mwenye jedwali ataandika nini, kwamba vuli ya Cape Town huja wakati wa masika ya Mombasa? Watafsiri wa riwaya watambue pia kwamba mhusika anayetembea London mwezi Oktoba "wakati wa vuli" humfikia msomaji wa Malindi akiwa ameloa chapachapa kwa mvua ambayo mwandishi hakuinyesha.

Upande wa pili wa mzani uko pia. Ziwa ambalo kijito kile kinamwagikia huitwa Cayuga, kwa jina la watu waliokaa pale kabla ya jeshi la Marekani kuvichoma vijiji vyao mwaka 1779. Lugha yao imebaki na wasemaji wachache sana, wengi wao wakiwa Ontario, Kanada. Watalii hulitamka jina la ziwa kila siku bila kujua ni la nani. Sisemi kwamba Kiswahili kimo katika hatari ya namna hiyo. Kina mamilioni ya watu. Lakini neno laweza kubaki midomoni likiwa limekwisha kuhamishwa na wenyewe hawana habari, na hilo halihitaji jeshi. Kitabu cha marudio kinatosha.

Tulirudi kwa njia ile ile. Kabla ya kumpakia Simba garini, mama alimlaza chini akamchambua manyoya kidole kwa kidole, nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya kucha. Alikuwa akitafuta kupe. Kupe wa paa huwa wengi msimu huo, nao husambaza ugonjwa uliopewa jina la mji wa Lyme, Connecticut, unaowapata watu na mbwa pia. Aliwapata wawili. Hilo nilimsaidia kwa ustadi, kwa sababu aliyekulia kwenye ng'ombe hafundishwi kupe.

Juma lililofuata aliniletea insha ya ukurasa mmoja. Aliandika kwamba majani yalikuwa yakipukutika, maji yalikuwa yakiporomoka kidogo kidogo kwa ukame, na mbwa wake alitaka kuogelea akakatazwa. Hakuandika vuli popote. Niliuliza kwa nini, akajibu kwamba hapakuwa na mvua.

Kwa walimu ningependekeza jambo jepesi. Atakayeandika katika insha "majira ya kupukutika majani" au "mapukutiko" apewe alama zake zote, na atakayeandika kwamba vuli ni wakati wa kupanda asiguswe kwa kalamu nyekundu. Na walio Nairobi wanaweza kufanya zaidi. Msitu wa Karura, ule uliopiganiwa na Wangari Maathai mwaka 1999, una maporomoko yake ya kiasi cha mita 15, na mbwa aliyefungwa ukanda anaruhusiwa kuingia. Wapelekeni wanafunzi huko mwezi Novemba, katikati ya vuli, wakiwa na kalamu na koti la mvua. Njia itakuwa na tope. Maji yatakuwa mengi na mekundu kwa udongo. Mihugu itakuwa kijani. Huenda wakapishana na mtu na mbwa wake, wote wawili wamelowa. Waambieni waandike wanachokiona, kisha wafungue lile jedwali.